Feri ya Kivuti

6 Oktoba

Mama mkwe wangu haoni tena. Mume wangu Kivuti amerudi jioni kutoka ng'ambo ya bwawa, akaketi mlangoni na viatu vyake vya tope, na habari ndiyo hiyo. Jicho la kushoto lilikufa mwaka juzi, sasa la kulia limelifuata. Cucu, yaani bibi kwa lugha yao, anapapasa ukuta kwenda msalani, na jirani yake Gachoki ndiye anayemkorogea uji.

Daftari hili aliliacha binti yetu Aaliyah alipoenda shule ya bweni huko Kanyakine. Kurasa nyingi bado ni nyeupe na nyumba imekuwa kimya, kwa hiyo nitaandika mimi. Mume wangu akiingiwa na jambo kichwani hazungumzi na mtu hadi limtoke kupitia mikono. Ni fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Pale msikitini Ishiara anaitwa Rahim, jina alilochukua aliponioa. Kwa mama yake bado ni Kivuti, na hata mimi humwita hivyo, maana ukimwita Rahim haitiki haraka.

Jina hilo ndilo lililomkosanisha Cucu nami. Hajawahi kunitukana. Akipiga simu humwambia mwanawe, "Msalimie huyo," nami hupaaza sauti kutoka jikoni, "Salamu zimefika, Mama!" Halafu anakata.

9 Oktoba

Habari njema. Madaktari wa macho watakuja mjini kwetu tarehe kumi Desemba, siku moja tu, na wanatoa mtoto wa jicho palepale. Nimeliandikisha jina la Cucu mwenyewe, kabla ya kufungua bucha yetu. Wakikosa kumwona siku hiyo, hakuna ajuaye watarudi lini.

Kivuti alimpigia mama yake kumwambia aje sasa hivi, wakati maji yako chini na mtu anaweza kuvuka kwa miguu. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia kila neno. Cucu huongea Kimbeere, hapa naandika kwa Kiswahili.

"Miezi miwili kwa nyumba ya huyo? Nikifanya nini?"

"Ukingoja, Mama."

"Nitangojea kwangu. Kuna ndengu za kupanda. Mtanileta siku ya macho, na mtanirudisha."

Kivuti alijaribu kumwambia kwamba mvua ikinyesha bwawa litapanda na njia itazama, na barabara ya kuzunguka haitapitika. Akajibiwa kwamba yeye ni fundi, afanye ufundi.

13 Oktoba

Kivuti amekuja na mapipa manane matupu kwenye mkokoteni wa punda. Nimemuuliza ya nini, akasema ni mapipa.

15 Oktoba

Sasa najua. Anatengeneza feri. Ameichora kwa chaki kwenye sakafu ya bucha yetu, tukalazimika kuwaambia wateja waruke. Bucha ni ya marehemu baba yetu, tunaiendesha mimi na kaka yangu Hassan, na Hassan hapendi chaki karibu na nyama.

Mpango wenyewe ni huu: pale bwawa linapobanwa na vilima viwili, kamba nene itafungwa kutoka mti wa huku hadi mti wa kule. Feri itaelea juu ya mapipa, nao waliomo wataivuta kwa kushika kamba. Mitumbwi ya wavuvi ipo, lakini Cucu ni mwanamke mnene na magoti yake hayakunji. Hawezi kuingia mtumbwini hata ukimlipa. Anahitaji kitu cha kutembea na kupanda kama anaingia sebuleni.

Nilichoshangaa ni miguu. Sakafu ya feri haikai juu ya mapipa, inakaa juu ya miguu minne, na miguu ndiyo inayokaa juu ya mapipa.

"Ya nini yote hiyo?" nikamuuliza.

"Mama Aaliyah, wewe umeona ghala ya mtama iko chini wapi? Kitu ya maana inawekwa juu. Maji haifiki, panya haifiki."

"Panya wa majini?"

Hakucheka. Kwao nimeona maghala hayo, yamesimama kwa miguu yao na kofia zao za nyasi, na kwa kweli yanapendeza.

22 Oktoba

Mvua ya kwanza. Mji mzima ulitoka nje kunusa vumbi.

27 Oktoba

Feri imekamilika na imesimama mbele ya karakana, watu wanaipiga picha. Miguu inafika kiunoni mwangu. Kuna ngazi yenye mkono wa kushikilia. Juu kuna paa la mabati lenye kingo zilizokunjwa kwa maua, na katikati ya sakafu kuna kiti cha enzi. Sijui nikiite nini kingine. Amekichomelea kwa nondo, akakisuka kwa mpira, akakipaka rangi ya buluu, na mikono ya kiti ameizungushia kitambaa ili chuma kisimchome Cucu kikipata jua.

Nilikigusa kile kitambaa kwa kidole. Mtu huyu hajawahi kumwambia mama yake neno tamu hata moja nikisikia. Yote ameyaweka hapo juu.

Hassan yeye haiiti feri. Anaiita meza.

2 Novemba

Leo ilikuwa siku ya kujaribu, na nitaiandika yote kwa sababu sijawahi kuchoka kwa kucheka na kuogopa kwa wakati mmoja.

Lori la mchanga lilitusaidia kuishusha bwawani. Mvua ya wiki hii imeshaanza kuyapandisha maji, na njia ya miguu haionekani tena. Feri iliingia, ikaelea. Kivuti alipiga makofi peke yake. Tukamtafuta mtu wa kukaa kwenye kiti, na katika ukoo wetu wote mtu mwenye uzito wa Cucu ni mmoja tu.

"Shemeji, mimi nimekuja kuangalia," Hassan akasema.

"Kaa tu kidogo, Hassan. Maji ni ya kiuno."

"Na mamba?"

"Mamba wako kule chini kwa kina. Hapa ni vyura."

Hassan akapanda ngazi. Alipofika juu feri iliinama kidogo kumkaribisha, akashika nguzo ya paa, ikarudi. Akaketi. Alionekana kama chifu. Wavuvi wawili waliokuwa wakikarabati nyavu walimpigia saluti. Naye, kwa sababu kaka yangu hawezi kuachia sifa ipite, akainua mkono kuwapungia.

Mkono huo ndio uliotosha. Feri ilianza kuegemea upande wa mkono, polepole kabisa, kama mtu anayesinzia kanisani. Nilidhani itarudi. Haikurudi. Kadiri ilivyoinama, ndivyo kiti, paa na Hassan walivyozidi kwenda upande uleule, mpaka mapipa ya upande wa pili yakatoka majini yakitiririka. Hassan alisema "Walahi—" na mengine yalikwenda naye chini.

Alitoka na majani kichwani. Kivuti aliingia majini na nguo zake zote, kwanza akamshika Hassan, na halafu, naapa, akaenda kukiangalia kiti.

3 Novemba

Hassan hazungumzi na Kivuti. Anakata nyama kwa nguvu kuliko inavyostahili.

5 Novemba

Kivuti anasema kosa ni mapipa kuwa machache. Ameongeza manne.

8 Novemba

Feri imeanguka tena. Safari hii kitini kulikuwa na magunia ya mchanga, maana Hassan hakupatikana. Mapipa yakiwa mengi inaelea juu zaidi, na ikielea juu zaidi inaanguka mapema zaidi. Haikungoja hata mtu apunge mkono.

Njiani kurudi nilimwambia akate ile miguu. Alisimama katikati ya barabara.

"Nikate miguu? Ndio mama yangu akalie maji?"

"Afadhali akalie maji kuliko ayanywe."

"Wewe hutaki aje."

Hilo aliniambia kwenye mvua, na lilinichoma. Nilitembea mbele hadi nyumbani bila kugeuka. Mimi ndiye niliyemwandikisha. Mimi ndiye ninayejibu salamu kutoka jikoni.

9 Novemba

Sijalala vizuri, nikaamkia vyombo. Beseni lilikuwa limejaa maji, na sufuria ndogo ya chai ilikuwa inaelea ndani yake ikiyumba. Nikaweka jiwe la kusagia pilipili ndani ya sufuria, chini kabisa. Ikatulia. Nikaisukuma ubavuni kwa kidole, ikainama, ikarudi yenyewe. Halafu nikalitoa jiwe, nikafunika sufuria, nikaliweka jiwe lilelile juu ya kifuniko. Nikagusa kidogo tu. Ilipinduka, jiwe likaanguka likapasua kikombe.

Kivuti alikuja kwa mlio wa kikombe. Nikarudia yote mawili mbele yake, jiwe ndani, jiwe juu. Alichutama kando ya beseni. Akachukua jiwe mwenyewe. Akajaribu na kikombe kingine juu ya kikombe, akajaribu na sinia, ambalo halikupinduka hata alipolisukuma kwa kiganja, akalitazama lile sinia muda mrefu.

"Hii ni pana," akasema.

"Ndiyo."

"Na iko chini."

"Ndiyo."

Akavuta pumzi. "Mama Aaliyah, jana nilisema vibaya."

"Ulisema."

Akanioshea vyombo vyote, pamoja na vilivyokuwa safi.

10 Novemba

Amekata miguu. Nilimpelekea chai karakanani nikamkuta ameshaikata mitatu, na wa nne ameushika tu. Nikamwachia chai nikaondoka, kuna kazi ambazo mtu haangaliwi akizifanya.

14 Novemba

Mvua siku nne mfululizo. Habari imetufikia kwamba daraja la barabara ya kuzunguka limechukuliwa na maji. Sasa ng'ambo hakuendeki ila kwa bwawa. Ndengu za Cucu zimeota, Gachoki amesema kwa simu, na Cucu huzipima urefu kwa vidole.

17 Novemba

Fundi wangu akishika somo hulishika hadi lilie. Sasa anataka kila kitu kizito kiwe chini, kwa hiyo aliyajaza mapipa maji, nusu nusu, ili feri iwe nzito chini. Kwa macho ilikuwa sawa. Tukaisukuma ubavu. Ikainama, na tukasikia ndani ya mapipa maji yakikimbia, shwaa, yote yakielekea upande ulioinama, kwenda kuusaidia kuanguka. Haikupinduka, lakini ilibaki imelala upande kama ng'ombe mgonjwa.

"Kumbe maji nayo ni kama watu," Kivuti akasema. "Yanakimbilia kwenye mambo."

20 Novemba

Ameyamwaga yale maji na kuziba mapipa kwa lami. Safu mbili za mapipa amezitenganisha, moja huku moja kule, mbali kiasi cha kitanda na nusu, na sakafu ya mbao imelala juu yao moja kwa moja. Feri imekuwa sinia. Haipendezi tena. Paa bado lipo, na kiti bado kipo. Juu ya hivyo viwili hataki kusikia.

24 Novemba

Upepo umelipiga lile paa bwawani, feri ikaenda ikizunguka kama kuku aliyekatwa. Amelitoa paa mwenyewe bila kuambiwa. Tumelipa kazi, linafunika kuni zetu.

Mchana tulijaribu na mbuzi sita wa bucha. Walivuka hadi katikati wakiwa watulivu. Halafu wakaona majani mabichi ya ng'ambo, wote sita wakaenda kusimama upande huo. Maji yakaja hadi kwenye kwato. Feri ilisimama hivyohivyo, haikuanguka, na Kivuti alianza kuwavuta mmoja mmoja kuwarudisha katikati, akiwabembeleza. Ikabidi iwe sheria: anayepanda haamki, wala hasogei, wala haendi kuangalia kitu.

Hassan alikuwa ufukweni akiangalia. Alicheka mara ya kwanza tangu tarehe mbili. Jioni alimtumia Kivuti figo.

30 Novemba

Cucu amepiga simu.

"Kiti kipo?"

Kivuti alinitazama. Mwezi uliopita alijisifu mno kwa mama yake juu ya kile kiti, hadi vile vitambaa.

"Kipo, Mama."

"Vizuri. Gachoki amewaambia watu nitapita nikiwa nimeketi kitini. Wanataka kuona."

Alipokata nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli. Akasema sasa hivi mama yake hana cha kuona, hana cha kutembelea, amebaki na cha kungojea kimoja, na ni kile kiti.

4 Desemba

Kiti hakifai. Tumejaribu na magunia yenye uzito wa Cucu. Kwenye maji matulivu feri inakaa, lakini kukiwa na upepo na mawimbi kinaipeleka huku na kule, na kila mara inakwenda mbali kidogo zaidi. Kivuti alikifungua kimya kimya, skrubu moja moja, akakibeba kichwani hadi nyumbani. Kimewekwa dirishani.

"Utamwambia nini?" nikamuuliza.

"Sijui."

Tumekaa bila kuwasha taa mpaka giza likatukuta.

9 Desemba

Tumemleta. Viganja vimechubuka kwa kamba ya asubuhi, lakini lazima niandike leo.

Tulivuka asubuhi, Kivuti, Hassan nami. Hassan alikuja mwenyewe. Alifunga bucha, akaja na boya la wavuvi limemkaza tumboni, akasema, "Mnahitaji mtu wa kulingana na Cucu, ama hamhitaji?" Nilimkumbatia njiani mbele ya watu akanifukuza.

Ng'ambo kulikuwa na watu kama wa harusi. Cucu alisimama kati yao na koti lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, fimbo mkononi, Gachoki amemshika kiwiko. Macho yake mawili yana rangi ya maziwa. Nilikuwa sijamwona tangu mwaka jana, na nilishtuka jinsi alivyopungua uso huku mwili ukiwa uleule.

Alipanda vizuri. Feri haikutikisika. Alipofika katikati akapeleka mkono nyuma kutafuta kiti, akapapasa hewa, akapapasa tena.

"Kivuti. Kiti kiko wapi?"

Nikasema mimi.

"Mama, kiti nimekitoa mimi."

"Nilijua."

"Kingetuangusha. Ukikaa juu, feri inaanguka. Tumekuwekea godoro hapa chini, tutakushusha polepole."

"Magoti yangu hayakunji."

"Utanyoosha miguu, Mama."

Cucu akauliza, kwa sauti ya chini sasa, "Na hawa wengine watakuwa wapi?"

"Watakaa chini pia," Kivuti akasema.

"Chini sawa na mimi. Mimi mzee, kipofu, nimekalishwa sakafuni sawa na muuza nyama, na watu wote wa hapa wananiona." Akageuka kwa fimbo kuelekea nchi kavu. "Nirudishe, Gachoki. Nimeishi na giza miezi miwili, nitaishi nalo."

Upepo ulikuwa umeanza kuamka. Nilimwona Kivuti, mikono imening'inia, amekosa hata cha kushika. Na nilimwona Cucu pia, kwa mara ya kwanza nadhani. Miaka yote nilidhani ni kiburi. Mtu ambaye haoni hajui watu wako wapi. Kimo ndicho kitu pekee alichokuwa amebaki nacho cha kumwambia yeye ni nani kati yao.

Nikalala. Nilijilaza pale mbaoni, tumbo chini, na buibui langu jeusi likanywa maji ya mbao. "Kaka, lala," nikamwambia Hassan.

"Nini?"

"Lala chini! Gachoki, nawe ukipanda, lala. Mama, sote tumelala. Hakuna aliye juu yako."

Hakuamini. Akainyoosha fimbo, akanigusa mgongo, akanipapasa kwa ncha hadi kisogoni. Akaipeleka kwa Hassan, ambaye alikuwa amelala chali kwa sababu ya boya, ikamtua tumboni.

"Huyu ni nani?"

"Hassan wa bucha, Cucu. Shikamoo."

"Hata ukilala uko juu," Cucu akasema, na watu wa ufukweni wakaangua kicheko, naye mwenyewe mdomo ukamcheza. Kisha akatoa mikono yake miwili tumshushe.

Alikaa godoroni miguu imenyooka, mgongo wima, mrefu kuliko sote. Hassan akasogea upande wa pili kumlinganisha. Kivuti na Gachoki walivuta kamba wakiwa wamelala ubavu, kazi ngumu hiyo. Nami nilimshika Cucu kiuno.

Katikati upepo ukatukuta. Mawimbi yalipiga upande wa Hassan, feri ikawa inapanda na kushuka kwa kushtukashtuka, na maji yakamwagika juu ya mbao. Hassan aliyakumbuka yale ya Novemba. Nilimwona anainua kichwa, kisha kiwiko, kisha goti, macho yake kwenye nchi kavu. Feri ikaanza kwenda naye. Nikapiga kelele, akawa hanisikii.

Cucu alisikia kwa makalio. "Nani anaamka?" akanguruma, na fimbo ikaruka ikampata Hassan begani. "Lala wewe wa nyama! Lala! Zuleka, mshike mguu!"

Hassan akalala kama gogo. Kumbe jina langu alilijua. Nikaushika mguu wake kwa mkono mmoja na kiuno cha Cucu kwa mwingine. Feri ikainama mara moja zaidi, ikafikiri, ikarudi. Kuanzia hapo Cucu ndiye aliyekuwa nahodha. "Inaenda kushoto," alikuwa akisema, "sogea kidogo wa nyama," na Hassan akisogea kidogo. Hakukosea hata mara moja.

Tulipogusa huku, Kivuti alilaza paji la uso kwenye mbao akabaki hivyo. Cucu akampapasa hadi akakipata kichwa chake.

"Umefanya ufundi," akamwambia.

Sasa amelala chumbani kwa Aaliyah. Kiti tulimwonyesha kwa mikono. Alipofika kwenye vile vitambaa alivishika muda mrefu.

10 Desemba

Wamemfanyia jicho la kulia. La kushoto wamesema haliwezekani tena. Tusubiri kesho.

11 Desemba

Nesi alitoa bandeji akamwambia afungue taratibu. Kivuti alikuwa mbele yake, mimi nimejificha nyuma ya pazia, kwa woga. Cucu akamtazama mwanawe, akamtazama, akamwambia amezeeka. Kisha akaangaza chumba chote.

"Yule aliyenishika kiuno yuko wapi?"

Nikatokea. Nilikuwa nalia tayari, sura si ya kuonyesha mtu. Akaniangalia juu hadi chini.

"Umekonda. Huyu hakulishi?"

19 Desemba

Cucu anakaa kitini mbele ya bucha kutwa nzima, amevaa miwani nyeusi, anamwambia Hassan ni kipande gani kina mfupa mwingi. Wateja wameongezeka. Hassan anasema hawezi kupumua.

28 Desemba

Alitakiwa kurudi kwao jana. Amesema anangojea Aaliyah amalize likizo. Wanasuka pamoja, na Aaliyah ananiambia mambo ya ukoo ambayo miaka yote sikuyajua.

5 Januari

Aaliyah amerudi shule, na ndengu zimeiva. Leo tumemrudisha Cucu.

Kivuti alikuwa amemwambia kuwa daraja limetengenezwa, gari linapita, angetafuta gari. Nilijua kwa nini. Mama yake alikuwa hajaiona feri. Cucu akasema atapita alipopitia.

Tukashuka hadi majini. Feri ilikuwa imefungwa pale, mbao zimekauka, mapipa yana kutu, kinyesi cha bata juu. Akavua miwani. Akaiangalia, halafu akayaangalia maji, mapana kweli, yana mawimbi madogo, kisha akamwangalia mwanawe.

"Ni hii?"

"Ndiyo hii, Mama."

"Hii? Mlinipandisha hii?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Ningekuwa naona singekanyaga." Akashika mdomo. Akarudi nyuma hatua mbili, na safari hii hakuna aliyecheka. Kivuti akasema kwa upole kwamba gari bado lipo, si aibu.

Cucu alitembea hadi katikati, akanyoosha mikono tumshushe, akakaa bila kuuliza kiti. Hassan, ambaye amekuja na boya lake, akalala upande wake bila kuambiwa. Gachoki alikuwa amevuka na mtumbwi kuja kutusaidia, akalala penye kamba na Kivuti. Nami nikajifunga buibui vizuri, nikaanza kujilaza.

"Wewe unafanya nini?" Cucu akaniuliza.

"Nalala, Mama."

"Hawa walale. Wewe kaa hapa karibu na mimi." Alinishika mkono akaubana, jicho lake moja kwenye maji. "Ukilala nitazungumza na nani?"

Nikakaa. Mabega yetu yalikuwa sawa. Hassan akasogea kidogo kutulinganisha, na Kivuti akavuta kamba.